Makopo Kumi na Mawili

Nilipanga makopo kumi na mawili ya maziwa ya unga
katikati ya matuta ya nyanya, huku kwetu Kakuyuni,
nikawasha pampu saa sita, jua la utosi.
Shemeji Kenga akasimama mpakani, mbavu hana:
"Mama Nyevu, unakinga mvua ya kununua?"

Ndiyo, nilikuwa naikinga.
Saa nzima vinyunyizi vilizunguka, tsi, tsi, tsi,
maji yakapaa membamba kama mvuke wa sufuria,
kusi ikayadaka kabla nyanya hazijayaona,
ikayamwaga barabarani, kwenye michongoma,
juu ya bati la Kenga mwenyewe.
Nikachovya rula ya shule ya Nyevu:
milimita nne. Nne. Tatu na ushei.
Kopo la mwisho lilikuwa na sisimizi mmoja,
naye hakulowa miguu yote.

Saa kumi za usiku upepo ulikuwa umelala.
Nikawasha tena, petroli kipimo kilekile,
nikakaa gizani na tochi mdomoni.
Milimita saba.
Mto Sabaki hauko mbali,
lakini petroli haioti ukingoni.

Basi nikashusha vinyunyizi, toka kichwani hadi kiunoni,
nikabana presha mpaka matone yakawa mazito,
matone yanayojua njia ya chini.
Matuta nikayavika nyasi kavu.
Kenga hakusema kitu.
Ila wiki ya pili niliona kwake makopo manne ya samli
yamejificha chini ya mibilingani.

Aliyelalamika ni Nyevu.
Alirudi shule mchana, akatupa mkoba,
akasimama palepale anaposimamaga, akitazama shamba kavu.
"Mama, upinde wa mvua umeuweka wapi?"
Nikamwambia: ule upinde ulikuwa nyanya zetu, zinaruka kwenda zao.
Akafikiri.
"Upinde mmoja ni nyanya ngapi?"
Rula yangu haikufika huko.

Sasa kila Jumamosi, saa sita kamili,
nafungua kinyunyizi kimoja, dakika tano.
Anakimbia chini yake, gauni limemganda,
anajaribu kuushika ule wekundu.
Na mimi, nisiyependa deni lisiloandikwa,
nafungua daftari la shamba, naandika:
*Maji yaliyopotea: kopo moja.
Sababu: Nyevu.*