Jivu la Ruchugi

Nilichimba shimo la choo, nikakuta kigae.
Chini ya kigae, jivu. Chini ya jivu, kigae tena.
Hapa Uvinza ardhi imekunjwa hivyo,
kama nguo za bibi harusi sandukuni.

Shangazi Nzoya akashuka shimoni na kanga yake,
akalisugua jivu, akalionja.
"Hili la mwaka wa vita."
Mwaka gani?
"Kabla ya muhogo. Kabla ya mahindi.
Watu walikula ulezi, na mto ulikuwa mpaka."

Upande wa huku, Mwami Ruhoza, mwenye ngoma nne.
Upande wa kule, Kabogoza, mwenye ng'ombe
waliofunika vilima na bado wakaramba mawe,
kwa kuwa chumvi ilikuwa huku.

Wakavuka alfajiri, pinde kichwani, maji kifuani.
Wanawake walikuwa mekoni tangu juzi.
Chungu cha siku mbili hakiachwi
eti kwa sababu wafalme wamekosana.
Basi wanaume wakauana katikati ya mafiga,
wakirukaruka moto kama watoto,
mkuki huku, moshi machoni,
wa Ruhoza akimchoma wa Ruhoza.

Mpaka mmoja akaanguka juu ya kuni za Bitorwa.
Alikuwa kijana. Aliomba maji.
Bitorwa akatazama kulia, akatazama kushoto:
maji yote yaliyokuwapo yalikuwa ya chumvi, yanatokota.

Akapiga chungu chake teke.

Wa jirani akapiga chake. Kisha wa tatu,
kisha bonde zima likasikika likivunjika.
Maji yale hayakuuliza ngoma ni za nani.
Yalishika nyayo zilizokuja na nyayo zilizongoja,
na jua halijapanda, Kabogoza alikwisha rudi mtoni
akibebwa mgongoni.

Ruhoza akapiga ngoma zote nne.
Usiku huohuo mvua ikanyesha, mapema,
Ruchugi ikapanda, chemchemi zikazama,
naye akakaa miezi sita na mikuki yake
akilinda tope.

"Na yule kijana?"
Shangazi hakujibu. Alikuwa amekigeuza kigae:
alama ya kidole gumba, imeganda ukingoni.
Nikaweka changu. Kikaingia, kikabakiza nafasi.

"Alikuwa na mkono mkubwa," akasema,
akapanda juu, akakung'uta kanga.
"Fukia hapo. Choo kachimbe kule, kwenye migomba."