Kibano

Kilining'inia shingoni mwake kwa uzi wa katani,
kibano cha chuma, alichomfulia mhunzi Chisunga
mwaka ule wa njaa, tulipokula hadi mbegu.
Kila asubuhi, kabla ya kuchochea moto,
Bibi Perisi alikaa mlangoni pa tembe,
uso kaukabidhi jua,
akinyofoa kope moja moja kwa kupapasa
kama achambuaye mawe kwenye uwele.

"Kope zangu zimenigeuka," alisema.
"Zilikuwa uzio. Sasa ni miiba."
Tulicheka. Tulidhani ni uzee.
Kumbe hata mjukuu wake Nyemo, miaka minne,
ana tongotongo, na nzi watatu kila jicho,
na hawafukuzi.
Amewazoea kama wageni wa ukoo.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Nilipewa baiskeli, mkoba, na siku tano za mafunzo Bahi.
Nyumba themanini na tisa. Nikaandika:
Choo, hakuna. Sabuni, ya kufulia, Jumamosi tu.
Maji, ndoo moja, ya korongoni,
mwendo wa saa mbili, kurudi usiulize.
Mama Wendo alinitazama nikiandika, akasema bila hasira:
"Ndoo hiyo, mwanangu, ninywe, nipike, au ninawe?"
Daftari halikuwa na safu ya swali hilo.
Nikaliandika pembeni.

Na la pembeni ndilo lililofika kikaoni.
Muuguzi Salvatori alilisoma mara mbili.
Wale wa shirika, waliokuja na mabango
yenye picha ya mtoto ananawa chini ya bomba linalong'aa,
walikaa kimya. Kisha mmoja akayakunja mabango,
akauliza: pampu yenu iliugua nini?

Iliugua mpira wa unene wa kidole,
na kukosa mtu wa kuulizwa.

Sitasema ilikuwa rahisi.
Siku tatu tuligombana juu ya zizi,
lisogezwe hatua ngapi kutoka dirishani,
na Ndahani akaapa ng'ombe wake hawajawahi kumpofusha mtu.
Kwaya ikatoa pesa ya sare mpya, ikaimba Pasaka kwa sare kuukuu.
Mtoto wa Chisunga akanyoosha vyuma vya pampu.
Watoto wakatundika vibuyu chirizi vya madumu ya mafuta,
unakanyaga kijiti, maji yanainama.
Wiki ya kwanza mbuzi walikula sabuni yote.
Tukaitundika juu zaidi.

Alhamisi madaktari wa vikope walifika zahanati.
Bibi akagoma: "Jicho si gunia, lishonwe."
Nilimweleza kwa siku zangu zote tano za mafunzo.
Akaniacha nimalize, akaendelea kupepeta.

Aliyemtoa ndani hakuwa mimi.
Ni Mama Wendo, jicho lake la kushoto,
aliyelala kwanza kwenye benchi la kuazima kanisani,
akarudi na bandeji, akanyamaza siku nane,
siku ya tisa akaenda kuketi mlangoni pa Bibi,
akatunga uzi kwenye sindano
mara moja,
jua likiwa limeshazama nusu.
Bibi hakusema neno. Aliomba maji, akanawa miguu.
Madaktari walikuwa wamehamia kijiji cha pili.
Nikampakia kwenye baiskeli.

Kibano bado kipo shingoni.
Jana Nyemo alikanyaga mwiba wa mgunga,
akaja anachechemea, machozi tele.
Bibi alimpakata, akauinua unyayo kwenye mwanga,
akautazama, akauona,
akauchomoa.

Nzi mmoja akatua shavuni pa mtoto, penye chozi.
Nyemo akampunga kwa mkono, bila kufikiri.

Nilifungua daftari, nikatafuta safu ya jambo hilo.
Haipo.
Nimeliandika pembeni.