Bani la Mihambo

Bani hili lilijengwa kukausha.
Mihambo alilikandika kwa udongo wa kichuguu, akaziba
hata tundu la panya, moshi usitoroke,
na kwa misimu kumi na minane jani la tumbaku
liliingia kijani, likatoka rangi ya chai.

Sasa mimi naliomba lilowe.

Nimemwaga mchanga sakafuni, naunywesha maji
asubuhi, adhuhuri, na tena treni ya Kigoma ikishapita Usoke.
Magunia mabichi ukutani. Kipimo cha unyevu sina,
nina kibiriti. Njiti ikifuka bila kuwaka, hali ni njema.
Ikiwaka mara moja, nachukua ndoo.

Mama mkwe anasema uyoga haulimwi.
Uyoga huitwa na radi, anasema,
unaufuata chini ya miombo, majani yakiwa bado yanadondosha maji,
huuning'inizi kwenye mfuko wa nailoni
kama mbuzi aliyechunwa.
Simbishii. Nachemsha mabua ya mpunga.
Saa nne nzima pipa linatokota,
maana uyoga mamama hutaka kula peke yake;
kikibaki kidudu kimoja hai ndani ya bua
ndicho kitakachotangulia mezani.

Mfuko wa kumi na moja niliufungua kumwonyesha Nyanzala.
Mara moja tu, kama unavyomfunua kichanga
ili mgeni amsifu.
Siku ya tano ukaota kijani, kijani kile cha ukuta wa bafu.
Nikauzika mbali, upande upepo unakoelekea,
nikanawa mpaka viwiko,
nikaacha kupokea wageni.

Mingine ilikwenda nyeupe, wiki tatu gizani,
nyuzi zikashonana mpaka mfuko ukashikana kama mkate.
Nikatoboa. Nikangoja.

Ukatoka, lakini ukatoka vibaya:
shingo ndefu, vichwa kama vifungo vya shati,
umepinda wote upande mmoja, upande wa mlango,
kuelekea ule ufa mwembamba wa chini.

Nilidhani ni kiu. Nikaongeza maji, mifuko minne ikaoza.
Nilidhani ni joto. Nikaazima kipimajoto cha Sizya, mfuga vifaranga:
ishirini na sita. Si joto.
Basi nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa juu ya debe
bila kufanya kazi yoyote,
mpaka kifua changu kikaanza kuwa kizito.

Kumbe unapumua.
Unavuta hewa kama sisi, unatoa ile mbaya kama sisi,
na humu hamna pa kuitolea.

Kifua hicho nilikijua.
Nilikilalia miaka. Usiku wa kukausha
Mihambo aliamka kila baada ya saa mbili kuongeza kuni,
akarudi kukohoa akiutazama ukuta, nisisikie.
Toboa dirisha, nilimwambia.
Dirisha litaharibu rangi, akasema.
Na rangi haikuharibika. Daraja la kwanza,
hata mwaka ule alipokaa kwenye benchi la soko
kwa sababu kusimama kulimshinda.

Nimetoboa kwa nondo, mikono yangu mwenyewe.
Matundu mawili, moja chini, moja karibu na paa,
nikayavisha chandarua kwa ajili ya nzi.
Udongo wa ndani ulikuwa mweusi kina cha kidole.
Upo kwenye karai, nje. Bado sijajua niupeleke wapi.

Leo alfajiri vichwa vimefunguka, vipana kama masikio,
vimegeukia kila upande.
Kilo mbili na robo. Nyanzala kanunua robo, nje,
mlangoni simpitishi tena.

Mama mkwe kaokota mmoja, kaunusa, kaugeuza.
Hauna radi, akasema.
Kisha akauliza kama karanga zipo.