Mfarishi Usio na Mgongo

Jumatano, soko la Kasese, mitumba imemwagwa juu ya turubai.
Ithungu ananiita: "Mchukuzi, njoo uone kitu."
Kutoka kwenye mfuko usiozidi papai
anachomoa mfarishi wa rangi ya jivu, anauachia,
nao unavuta pumzi.
Nimeuona kwa macho yangu:
unaumuka polepole kama unga uliotiwa hamira,
kama mtu aliyeambiwa, haya, tua sasa.

Naupokea. Mkono unasubiri uzito,
uzito hauji.

Tunaupeleka kwa Kule, mnunuzi wa kahawa,
tunautundika kwenye ndoano yake:
gramu mia sita na ishirini.
Blanketi langu la mistari myekundu nililipima hapo hapo mwaka jana,
kilo tatu, likiwa kavu.
Likiwa limelowa sijathubutu.

"Ndani mna nini?"
"Bata. Manyoya ya kifuani, yale yasiyo na uti."
Moja limechungulia kwenye mshono, nalivuta:
malaika tupu,
kama ya shingoni mwa Mbambu wangu siku alipozaliwa.
Nalipuliza. Linapaa juu ya ndoo za mukene,
halina haraka ya kurudi.

Naugeuza huku na huku.
"Ithungu, mgongo wake u wapi?"
Chini ni uwazi, na vikamba viwili vya kufungia.
"Manyoya yakilaliwa hayana joto," anasema,
"aliyeushona akaona, ya nini kuyabeba?"
Nanyamaza.
Miaka kumi na moja nimebeba mizigo ya watu.
Najua kilicholaliwa kinavyopoa.

Lakini kule juu, jamani, mvua haiji wala haiondoki,
imepanga chumba na kodi hailipi.
Matope hufika magotini, ukungu huingia hata kwenye kiberiti.
Manyoya yakilowa ni uji, ni uji wa jana.
Ithungu hanifichi; ananitolea mwingine,
wa nyuzi za plastiki, kilo moja na robo,
ukiloa bado unapasha, na bei ni nusu.
Kichwa kinasema huo.
Kichwa kimesema huo mara tatu,
na mkono bado uko kwenye ule wa jivu.

Ngoja kwanza, nipige hesabu.
Getini twapimwa kilo ishirini na tano, zangu na za mgeni pamoja.
Nikipunguza mbili zangu, Tibamwenda msimamizi ataziona,
ataniongezea buti za akiba za mgeni,
au ile chupa ya mvinyo wanayoifungua wakifika
na kuniomba niwapige picha.
Kwa hiyo nanunua wepesi wa nani?

Nimeununua.
Elfu themanini taslimu, thelathini nikishuka safari ya pili.
Na mifuko mitatu ya sukari, mmoja ndani ya mwenzake,
maana bata wangu hatakiwi kurudi majini.

Nyumbani Kilembe, Kabugho anaunyanyua kwa vidole viwili.
"Umenunua hewa?"
Kisha anaugeuza. "Na mgongo wameula?"
Usiku tunaujaribu, yeye upande wake, mimi wangu,
blanketi jekundu limelazwa chini, kazi yake mpya.
Hautoshi wawili. Kila anayegeuka
anamwachia mwenzake baridi ya mto,
na tunacheka mpaka Mbambu anagonga ukuta.

Alfajiri nateremka Nyamwamba na tochi.
Nachagua mawe mawili, laini, kilo na kitu kila moja,
nayafunga ndani ya fulana chini kabisa ya gunia.
Getini Tibamwenda atasoma mizani, ataandika, atatikisa kichwa: pita.
Nitapita.
Kona ya kwanza, pale migomba inapoishia,
nitaomba ruhusa ya kujisaidia.