Kushoto mwa Kioo

Kompyuta ya kwanza ya nyumba yetu ya Wadi Kabiri
ilikuja Ramadhani, juu ya mapaja ya kaka Sleyum,
imeviringishwa kwa shuka la kitanda.
Kunjumon, fundi wa Ruwi, kaitia mchezo mmoja
akakataa hata baisa mia:
"Aliyeutunga kautoa bure. Nawe mpe jirani."
Basi ukaenda kama maji ya falaji,
kwa kina Badriya, kwa wana wa mwalimu Thuwaini,
diski moja, lebo yake imefutwa mara nne,
na hakuna aliyeuliza nani kachimba.

Chombo kidogo, hakizidi punje ya mchele.
Kinatoka kushoto, kinakwenda kulia,
kinatema risasi za kijani.
Sauti tumeizima, Mama asisikie;
Sleyum akiitoa mwenyewe mdomoni, tiu, tiu,
mpaka daku likatukuta macho mekundu.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoijua siri yake:
chombo hakiendi popote.
Kimekaa palepale. Ni mbingu inayovutwa nyuma
kama mkeka chini ya miguu ya mtu.
Nyota, vimondo, ngome za chuma,
vikifika ukingo wa kushoto, basi, havipo.

Mama alisimama mlangoni na sahani ya vitumbua.
Mwanamke aliyeshuka Maskati mwaka sabini na nne
na cherehani, na funguo za mlango usiokuwa wake tena.
Akatazama kitambo.
"Na akitaka kurudi?"
Harudi, Mama. Kioo hakirudi.
"Mchezo gani huo," akasema, akaviacha vitumbua.

Siku hizi natunga michezo mwenyewe, Al-Khoudh,
usiku, watoto wamelala, kiyoyozi kinakoroma.
Wajuzi huutambua mkono ulionifunza:
punje ileile ya mchele, kijani kilekile.
Mie pia siuzi.
Ila nilitaka kitu kimoja ambacho yule hakukitia:
nikakiambia chombo kigeuke.

Kikageuka. Kikaenda kushoto, kikapita ukingo,
na huko hakukuwa na kitu.
Weusi tu. Sikuwa nimechora.

Nikampigia Mama saa sita ya usiku.
"Kushoto kuna nini?"
Hakuuliza kushoto gani.
"Dirisha," akasema. "La mbao, bawaba moja imekufa.
Chini yake cherehani. La, subiri,
cherehani nilikuja nayo.
Weka meza tupu, imechubuka katikati."
Nikaandika.
"Halafu uwanja. Halafu jogoo wa Bi Ghaniya,
mshari, akirukia watu."
Huyo ndiye adui, Mama?
"Ndiye. Lakini usimpige risasi.
Mpishe."