Zima Taa, Gulaid

Nimepanda orofa tatu za jengo lisilo na lifti,
Barabara ya Luthuli ikipiga kelele chini yangu.
Pesa za chama zimo kwenye simu:
themanini na tano elfu,
na nauli ya kurudi Umoja, ambayo haihesabiwi.

Gulaid anazipanga kamera juu ya kioo kama mandazi.
Hii, dada, ina pikseli milioni arobaini na tano.
Hii, hata nzi akipiga chafya utamwona.

Sipigi picha za nzi.

Nampiga Wafubwa anapoinua fimbo juu ya ngoma
na taa zikazimika,
kwa kuwa fundi wa taa amesinzia
au mchezo ndivyo unavyotaka, sijui,
mimi niko chini ya jukwaa, goti juu ya nyaya,
nina nusu sekunde.

Nampiga Mkamburi, mshonaji wa Kariokor,
ambaye hajacheka mbele ya kamera tangu ang'oke jino,
ila pale ninapojifanya narekebisha lenzi.

Kamera yangu ya zamani iliwapaka watu wangu majivu.
Taa nyekundu ikimwagika, nyuso zikawa nyanya mbovu.
Ikija ya buluu, wote wakazama.
Na mlio wake, Gulaid! Kla!
Mlango wa choo cha shule
katikati ya kimya ambacho mwigizaji amekijenga
kwa mwezi mzima wa mazoezi.
Mama mmoja wa safu ya pili aligeuka, akanitazama
kama niliyecheka makaburini.
Sikurudi baada ya mapumziko.

Kwa hiyo zima taa.

Duka zima?

Duka zima.

Anamtazama bawabu. Bawabu anatazama dari.
Swichi.
Umebaki ukanda mmoja wa mwanga chini ya mlango,
unatoka kwa jirani anayetengeneza simu,
pamoja na harufu ya risasi inayoyeyuka.

Ya kwanza inahangaika: lenzi mbele, lenzi nyuma,
mlevi anayetafuta tundu la kufuli.
Ya pili inashika upesi,
lakini picha ina chenga, uji uliokorogwa na mvivu.
Nyingine?
Kimya. Kisha droo inafunguliwa.
Ipo moja, anasema, ila ni ya mkono wa pili,
na sauti yake imeshuka, ameacha kutangaza.

Ubavu umekwaruzwa. Mpira wa mshiko umelegea.
Kwenye mkanda mtu ameandika kwa kalamu, T.O.
Sijui T.O. aliona nini kupitia hapa,
wala kwa nini aliiuza, kama ni karo au ni kuchoka.
Nabonyeza.
Haisemi kitu. Nadhani imekataa.

Halafu kiooni anatokea mwanamume.
Nusu ya uso, ngozi na rangi yake ileile,
weusi wenye joto ndani yake,
jicho moja limeudaka ule ukanda wa mlangoni.
Mikono haijui pa kukaa.
Amesahau kuuza.

Nani huyu? anauliza Gulaid.

Miaka tisa nyuma ya kioo hiki,
kamera zote zikimtazama,
wala hakuna iliyowahi kufunguliwa jicho kwa ajili yake.

Taa inawashwa. Bei inaanza kwa hamsini,
tunasukumana, yeye anaapa, mimi naelekea mlangoni,
tunakutana arobaini na mbili.
Kisha anafanya jambo ambalo wauzaji hawafanyi:
anairudisha kabatini ile lenzi ndefu niliyoikodolea macho.
Hiyo ni ya simba, anasema. Wewe una watu.
Ananipa ya hamsini, fupi, tundu pana,
nyepesi kama kikombe kisicho na chai.
Kwa hii utalazimika kusogea karibu.

Najua. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Naandika namba yake ili nilipe, naye anakohoa.
Ile picha, dada.
Mamangu yuko Garissa, kila akipiga simu
huniuliza kama nimekonda.

Nikamtumia picha
kabla sijamtumia pesa.