Vazi la Ndege Iliyolala

Hatujaiona. Tunaijua kwa karatasi ya kukatia tu:
pua yake mita mbili na robo,
midomo ya injini duara kama sinia la pilau la arusi,
na mkia uliotushinda wiki nzima
mpaka Shemsa akaukunja kama ukaya wa bibi yake,
ukakubali.

Ishirini na nne, ilisema barua.
Ndege za jeshi la nchi ya mbali,
na kila moja yataka nguo yake.
Hapa Amani, banda lililokuwa likishona sare za skuli,
zikaja cherehani sita mpya,
sindano nene kama miba ya mchongoma,
turubai rangi ya wingu la masika.
Mkaguzi akahesabu mishono kwa rula ya chuma:
minane kwa inchi.
Saba, fumua.

Basi mtaa ukanenepa.
Muuza urojo wa getini akaongeza benchi.
Ussi wa Darajani akatukopesha uzi bila kuuliza lini.
Mimi nikaingia upatu wa pili,
nikaezeka vyumba viwili kule Mwera,
cha tatu nikakiambia: subiri.

Ni Raya, wa cherehani ya mwisho, aliyeuliza:
"Ikivuliwa nguo, inakwenda wapi?"
Tukacheka. Tukakanyaga mashine.
Lakini swali halifumuki kama mshono.
Kazi yetu ni ya ndege iliyolala;
ikiamka, vazi letu hubaki chini, limekunjwa, halijui kitu.
Tangu siku ile, alfajiri, dua yangu ina ncha mbili:
Ya Rabbi, waziagize nyingi.
Ya Rabbi, zisiamke.

Barua ya pili ilikuwa fupi.
Bajeti ya huko imekatwa. Ishirini na nne zimekuwa tisa,
na tisa tulikwisha kuzishona.
Pandu msimamizi aliisoma mara mbili,
kana kwamba akiitamia kidogo
itatotoa ndege nyingine.

Sasa niseme dua ipi imejibiwa?
Lipo anga la watu nisiowajua
lililopungukiwa ndege kumi na tano,
na yupo Shemsa, anarudi kutembeza sabuni za mwani
mlango kwa mlango, na mkopo wa friji shingoni.
Nikitaka kulia naona haya. Nikitaka kushukuru, vilevile.

Mabaki ya turubai tumeruhusiwa kuchukua.
Nimemshonea mwanangu mkoba wa chuoni,
mishono minane kwa inchi, hakuna aliyenihesabia.
Jana mvua imempiga njia nzima.
Chumba cha tatu kimejaa maji.
Juzuu yake imefika kavu.